Tulioagwa Tukarudi

Paulo aliponiambia kwamba Mama Feza wa Songo amekufa, kitu cha kwanza nilichofanya ni kutafuta kitenge kikubwa. Si cha kulilia, cha kujifunika uso. Mwanangu akasimama mlangoni akaniangalia ninavyokipima kichwani mbele ya kioo, akasema, "Mama, hao watu unaowaogopa karibu wote wamekwisha kuzikwa." Mtoto niliyembeba mgongoni, leo ana mvi, ananifundisha. Nikamwambia anyamaze akanitafutie gari. Lakini alikuwa amesema kweli. Tangu nihamie Bujumbura nimevuka kwenda Uvira mara nyingi tu: nimenunua samaki wadogo wa ndagala Kimanga, nimezika jamaa Kavimvira, nimekula arusi mbili tatu. Songo sijakanyaga. Nikifika kwenye kona ya kuingilia kule, mguu wenyewe unageuka, nazungukia upande wa ziwa kama mtu aliyeiba. Na sikuiba kitu kwa mtu. Watu wa Songo walinipa kwa mikono yao miwili, wakaniimbia, wakalia, mimi nikala vyao, nikaenda, halafu nikarudi. Hiyo ndiyo aibu yangu. Usiseme ni ndogo mpaka nimalize kukueleza.

Ulikuwa mwaka wa nne tangu Wabelgiji watoke. Nilikuwa mke mchanga, Paulo alikuwa bado ananyonya, na mume wangu Gaspari alikuwa fundi cherehani. Alikuwa akishona kwenye baraza la duka la Mgiriki mmoja kule Kimanga, mpaka Mgiriki alipofunga mlango siku moja akaenda zake bila kusema kwaheri. Gaspari akabeba cherehani kichwani mpaka nyumbani, akaiweka chini ya dirisha, na chumba chetu kikawa duka. Nyumba ilikuwa chumba kimoja cha kulala, kingine cha kukaa, na ukuta wa udongo uliotutenga na Mama Feza ulikuwa mwembamba kiasi kwamba akikohoa yeye, mimi namwambia pole. Mchana kutwa wanaume walikuja kukaa kwenye benchi aliloliweka mlangoni, eti wanangojea suruali zao, kumbe wanakuja kuzungumza. Mimi nilikuwa nyuma, natwanga majani ya muhogo ya sombe, masikio yako mbele. Huyu anasema mishahara haitoki. Yule anasema kule juu milimani kuna vijana wanakusanyika, wanapakwa dawa, risasi haiwaingii. Na Gaspari, bila kuinua macho kutoka kwenye sindano, anasema, "Ng'ambo ile pale iko taa barabarani. Batu banalala. Ni serikali ingine kabisa. Muntu mwenye mikono kama yangu anaweza kuanza upya." Alikuwa akisema neno hilo, kuanza upya, kana kwamba maisha ni kanzu: ukikosea mshono unafumua.

Sikumpinga. Nisijifanye leo kwamba nilimpinga. Nilikuwa kijana, na jioni tukikaa nje tunaona Bujumbura pale ng'ambo, imekaa kama sahani iliyooshwa. Nilijiona tayari nimevaa viatu. Ila kabla sijasema tulivyoondoka, lazima nieleze habari ya mashimo, la sivyo hutaelewa kwa nini mtu mzima aogope kona ya barabara.

Sisi tunakula bugali ya muhogo, na muhogo wetu ule mchungu hauliwi mpaka ulale ndani ya maji. Pale Songo kuna kijito kinachoshuka kutoka mlimani, na kando yake kila mwanamke alikuwa na shimo lake, amelichimba au amerithi kwa mama mkwe, amelizungushia mawe yake. Unamenya muhogo, unautia mle, unafunika na majani ya mgomba, unaweka jiwe juu. Siku ya nne unarudi, unaubonyeza kwa kidole, ukilainika unauopoa, unauanika. Kwa hiyo mashimo yalikuwa yakisema habari za kila nyumba. Shimo likiwa tupu wiki nzima, wanawake wanaulizana: amefiwa? amefukuzwa? Na mwanamke mwenye muhogo ndani ya maji hakuna anayemuuliza kama anasafiri. Hasafiri. Ataacha chakula chake kioze? Anayehama ndiye anayeuopoa wote, analisafisha shimo, halafu analikabidhi kwa jirani mbele ya wenzake. Siku hiyohiyo jirani anakuja kuchukua kaa la moto jikoni mwako, anakwenda nalo kwake. Moto wako unabaki kwake, na weye unakwenda. Ukishafanyiwa hayo, umeagwa. Imekwisha.

Basi sisi tuliagwa. Na jinsi tulivyoagwa! Ilikuwa Jumapili baada ya misa. Watu walijaa mpaka uani. Huyu kaleta unga, huyu kaleta mawese, wavuvi wameleta samaki, mikeke mibichi bado inametameta. Mama Feza, mjane mwenye kuku mmoja tu anayetaga, alimchinja yule kuku. Nilipomwona anamleta kwenye sufuria, nilisema, "Mama Feza, huyu si ndiye wa mayai ya Feza?" Akasema, "Mayai atakula mwaka ujao. Weye mwaka ujao hauko." Feza wake alikuwa kitoto cha kutambaa, umri mmoja na Paulo wangu, walinyonya wakiwa wamekaa mkeka mmoja. Pombe ya kasiksi ilimiminwa, wanaume wakanywa, na Gaspari akasimama kwenye benchi la wateja wake. Mpaka leo nikiikumbuka ile hotuba natafuta mahali pa kuficha uso. Alisema anawashukuru. Angeishia hapo! Lakini pombe ilikuwa imemkaa vizuri, akaendelea: "Mwenye akili anaona mbele. Wenye kubaki, mubaki na udongo wenu. Siku mutakapokuja kwangu Bujumbura mukinikimbilia, mutapiga hodi, na minye sitakuwa muchoyo, nitawafungulia." Watu wakacheka, lakini kicheko cha chini chini. Mimi nami, badala ya kumvuta shati, nilikuwa nimekaa na kitenge kipya, najiona malkia. Mama Feza alipoanza kulia nilimpigapiga bega nikamwambia, "Hapana kulia, mwenzangu. Utakuja kunitembelea, nitakulaza kwenye kitanda cha chuma." Kitanda cha chuma! Sijui nilikitoa wapi. Kisha tukashuka kijitoni wote, nikamkabidhi shimo langu mbele ya kila mtu, nikampa na kinu, na alipochukua kaa la moto jikoni kwangu nilimwagia majivu maji kwa mkono wangu mwenyewe.

Tukaondoka kesho yake na kamioni ya mizigo mpaka mpakani, na mpaka ulikuwa umefungwa. Ndiyo, umefungwa tu. Kulikuwa na fujo kwenye tambarare, askari wa upande ule wakasema hapiti mtu, askari wa upande huu wakasema wao wenyewe hawajui. Gaspari alizungumza, akabembeleza, akatoa hata ile sauti ya Kifaransa aliyojifunza kwa Mgiriki. Wapi! Tukalala chini ya paa la ghala la pamba, siku ya kwanza, siku ya pili, tunakula kuku wa Mama Feza aliyebaki, mwendo wa asubuhi moja tu kutoka nyumbani. Nilikula huku namtazama yule kuku kama anayeniuliza kitu. Unga ulipokwisha, Paulo akaanza kuharisha. Gaspari akasema tungoje giza, tuingie Songo hakuna atakayetuona. Nikamwambia, "Mtoto anaumwa na jua, weye unaogopa macho?" Maneno mazuri hayo, lakini nisijisifu: mimi nami niliogopa. Nilitembea njia nzima nikiomba mvua inyeshe kubwa, watu wajifungie ndani. Haikunyesha hata tone.

Wa kwanza kutuona alikuwa Mama Feza. Alikuwa anaanika muhogo uani, ameinama, akanyanyuka, akaona cherehani kwenye kichwa cha Gaspari, akaniona mimi. Hakucheka. Nisikilize vizuri: hakucheka. Alifuta mikono kwenye kitenge, akasema, "Karibuni." Neno hilo ndilo lililonichoma. Karibuni ni la wageni. Mtu wa kwake anaulizwa habari za njiani, hakaribishwi. Pengine hakuwa na neno jingine, masikini, maana nani alikuwa amewahi kumpokea mtu aliyeagwa? Akanipa maji, akamchukua Paulo akampakata pamoja na Feza. Halafu akaingia jikoni kwake, akatoka na kaa la moto kwenye kigae, akalipeleka kwangu bila kuambiwa. Nilisimama mlangoni nikamwona anapuliza yale majivu niliyoyamwagia maji, anapuliza, moshi unamwingia machoni, majivu yamelowa, hayashiki. Sikumsaidia. Nilishindwa hata kuinama.

Wengine walicheka, kwa nini wasicheke? Tungecheka hata sisi. Watoto wakatupa jina, Wenye-Kuagwa. "Mama Mwenye-Kuagwa, umeamkaje?" "Baba Mwenye-Kuagwa, ng'ambo wanasemaje?" Wale wanaume wa benchi wakawa wanapiga hodi kwa nguvu, wanasema, "Utufungulie, tumekukimbilia!" wanaangua kicheko, wanakaa. Gaspari alicheka nao siku mbili tatu, kisha akaacha kuzungumza kabisa. Anashona tu. Mtu aliyekuwa akiongea kama redio, sasa unasikia cherehani peke yake. Na mimi sikwenda tena kijitoni. Shimo nilikuwa nimelitoa mbele ya watu, ningelidai kwa mdomo upi? Nikawa nabeba muhogo wangu mpaka kule chini kwenye matete ya ziwa, maji yaliyosimama, ndiyo nikalowekea pale peke yangu. Ukatoka mweusi, unanuka. Bugali yake ilikuwa inavutika kama gundi. Gaspari alikuwa akitafuna, ananitazama, anameza, hasemi neno. Natamani angesema.

Mama Feza alinifuata siku moja hukohuko kwenye matete. Alisimama na ndoo yake akanusa.

"Mama Paulo, unamulisha nini mutoto?"

"Muhogo."

"Huu si muhogo, huu ni kifo. Shimo iko pale. Ni yako. Minye nililitunza tu."

"Nilikukabidhi. Aliyeagwa hana shimo."

"Nani alikuambia?"

"Bote banajua."

"Basi minye sijui. Weye uko na kichwa kigumu, Mama Paulo! Batu banacheka kidogo banasahau. Weye peke yako njo unajicheka kila siku."

Nikamgeuzia mgongo. Mwanamke aliyenichinjia kuku wake wa mwisho, namgeuzia mgongo kwenye matope, kisa niliona huruma yake ni nzito kuliko kicheko cha wale wengine. Kisha nikasikia ndoo inakwenda.

Halafu wale vijana wakashuka kutoka mlimani, na watu wakapata mambo mengine ya kuzungumzia. Waliingia na majani kichwani, na mikuki, na bunduki chache, wanamwagiana maji ya dawa, na wakubwa wote wa ofisi wakakimbia. Sitaki kusimulia vita. Vita kila mtu wa Uvira anayo yake. Ya kwetu ilikuwa hii: walimkuta fundi cherehani. Wakamletea vitambaa, wakasema shona. Akashona. Ungefanya nini? Alishona mashati, bendera, mikanda ya kufungia dawa, mchana kutwa, kijana mmoja amekaa kwenye lile benchi na mkuki magotini. Wateja wa zamani hawakuja tena. Na kupitia ukuta, na kule kwenye matete, nikaanza kusikia maneno ya chini chini: jeshi la serikali linakuja, likifika litauliza nani aliwatumikia waasi, na mashati yenyewe yatasema, maana mshono wa Gaspari ulikuwa unajulikana mji mzima. Na ukikimbia, hawa waasi nao wakikushika njiani, unauawa kama msaliti. Fundi mwenzake wa Kalundu walikuwa wamekwisha kumchukua, na hakurudi.

Gaspari akaniambia mchana mmoja, yule mlinzi ametoka kwenda kula. Aliacha kukanyaga cherehani akasema taratibu, "Mama Paulo, twende. Safari hii kweli. Dada yangu yuko Buyenzi, kule Bujumbura, atatupokea. Tutaanza upya."

Nikamwambia, "Minye siendi."

"Wataniua."

"Siendi, Gaspari. Tutaondoka, tutafika pale, kutakuwa kumefungwa, tutarudi tena. Unakumbuka? Afadhali wanipige risasi hapahapa kuliko wanicheke tena."

Nilisema hivyo, na mtoto yuko mgongoni. Mwanaume ananiambia atauawa, mimi nawaza kicheko. Nimekaa na maneno hayo miaka yote, nimeyageuza huku na huku nione kama yana sura nyingine, hayana. Gaspari akarudi kwenye cherehani, akaanza kukanyaga. Hakuwa na kitambaa chini ya sindano.

Ukuta, nilisema, ulikuwa mwembamba. Haukupita muda Mama Feza akaingia na bakuli la sombe, kama mtu anayepeleka chakula kwa jirani, akaliweka chini, akakaa karibu nami hata bega likagusana. Ilikuwa mara ya kwanza yeye kukaa kwangu tangu yale mambo ya matete. Akasema bila kunitazama, "Kesho loweka. Loweka mingi. Ndani ya shimo yako, pale kijitoni, saa ile banamuke bote bako."

"Mama Feza, nimekuambia..."

"Nyamaza. Kichwa kigumu tumekimaliza. Huyu mwanaume wako atakufa. Kesho unaloweka, unaniuliza kwa sauti kubwa kama maji ya wiki hii iko mazuri. Kesho kutwa munachukua majembe mchana kweupe, munaenda shamba Lubarika. Nani atashuku muke mwenye muhogo ndani ya maji?"

"Na muhogo wenyewe?"

"Siku ya nne nitaopoa. Sasa kula."

Nikala. Ilikuwa sombe yenye ndagala na mawese mengi, na nilikula kwa kulia, nikiona haya kwa kulia na kwa kula pia. Kesho yake nilishuka kijitoni na kapu limejaa. Wanawake wakanyamaza waliponiona. Mawe yangu yalikuwa palepale, shimo limesafishwa, hakuna jani ndani. Hakuwahi kulitumia. Miezi yote ile nanusa matope ya ziwa, shimo langu liko tupu, linanisubiri. Nikatia muhogo, nikafunika, nikauliza kwa sauti kubwa habari ya maji, naye akajibu kwa sauti kubwa zaidi kwamba wiki hii iko mazuri sana. Mmoja akasema, "Ehe, Mwenye-Kuagwa amerudi nyumbani!" Wakacheka, mimi nami nikacheka, na katika kucheka huko nilijua nadanganya watu ambao ndiyo kwanza wananisamehe.

Tuliondoka mlinzi alipokwenda kula, na majembe mawili, mtoto, na mkasi wa Gaspari niliouficha ndani ya nguo ya Paulo. Cherehani ilibaki chini ya dirisha na shati nusu. Kwenye kizuizi cha Kavimvira kijana mmoja, mtoto kabisa, alituwekea mkuki kifuani. "Munaenda wapi?" Gaspari akakauka. Nikajibu mimi: "Shamba. Tutarudi, iko muhogo wangu ndani ya maji." Akashusha mkuki. Mama yake naye bila shaka alikuwa na shimo mahali. Tukavuka mto Ruzizi kwenye mtumbwi wa kukodi kule chini ya tambarare, viboko wanapiga chafya kando yetu, na jua likiwa bado juu nikakanyaga nchi nyingine, bila kuagwa na mtu.

Ng'ambo ile haikuwa sahani iliyooshwa. Ilikuwa chumba cha uani Buyenzi, kwa wifi yangu, watu tisa na jiko moja. Lakini Gaspari alipata cherehani ya kukodi, kisha yake, kisha mbili, na kwa kweli alianza upya, mwanaume yule. Akarudia hata kuongea. Baadaye jeshi likarudi Uvira, vita ikapoa, watu wakaanza kurejea kwao. Gaspari akaniuliza tukiwa tunakula, "Turudi?" Mkono wangu ulikuwa umeshika tonge la bugali. Niliwaza kile kijito, wanawake wamenyamaza, mmoja anauliza: Mwenye-Kuagwa, na safari hii umetuletea nini? Nikasema, "Hapana. Tumekwisha kuanza, tuendelee." Hakuniuliza tena mpaka alipokufa. Ndivyo nilivyoamua kuhama nchi, kama unataka kujua. Sikuhama nilipovuka maji. Nilihama pale, na tonge mkononi, kwa kuogopa kuchekwa. Na Mungu akaniwekea milima ya Uvira mbele ya mlango kila asubuhi isiyo na mawingu.

Basi wiki ile aliyokufa Mama Feza nilifika Songo, uso umefunikwa, nikaingia uani kwenye kilio nikakaa mwisho wa mkeka pamoja na vikongwe nisiowajua. Hakuna aliyeniuliza. Kabla ya mazishi wakaleta chakula: bugali nyeupe, laini, haina harufu. Binti mmoja alikuwa anagawa. Nikamwambia, ili niseme kitu tu, "Muhogo wenu mzuri. Munalowekea wapi?"

"Kwa Mama Paulo, koko," akasema, akiniita bibi.

Nilidhani sikusikia. "Kwa nani?"

"Kwa Mama Paulo. Pale kijitoni. Iko mashimo mengi, lakini ile njo inatoa muzuri."

"Mama Paulo ni nani?"

Akainua mabega. "Si mutu. Ni jina ya mahali."

Mwanamke mnene mwenye kitambaa cheupe cha kufiwa akageuka kutoka jikoni. Alinitazama mikono kwanza, kisha akaja akachuchumaa mbele yangu, akakishusha kitenge changu taratibu kama mtu anayefunua sufuria. Alikuwa Feza. Ana uso wa mama yake mpaka kovu la moto wa jikoni. Hakuniambia karibu. Alisema, "Umechelewa, Mama Paulo." Kisha akakaa palepale chini akanieleza, bila kunilaumu, na ningependa angenilaumu. Siku ya nne mama yake aliopoa muhogo wangu, kama alivyosema. Lakini kabla ya hapo kijana wa mkuki alikuwa amekuja kuuliza fundi yuko wapi. Mama Feza akamwambia yuko shamba, nenda kaangalie, muhogo wa mke wake uko majini. Akaenda akaangalia. Kwa hiyo ikabidi uwepo kila akirudi kuangalia. Tangu siku hiyo, mpaka waasi walipoondoka, Mama Feza alikuwa akimenya mizigo miwili, analoweka shimo lake na shimo langu, akiulizwa anasema Mama Paulo alikuja asubuhi sana. Mjane, na mtoto mgongoni. "Na vita ilipokwisha?" nikauliza. "Vita ilipokwisha," Feza akasema, "aliendelea. Alisema utaona aibu kukuta shimo tupu. Akitutuma anasema, pelekeni kwa Mama Paulo. Hata sisi tulikua tukisema hivyo."

Nililia, ndiyo, lakini kulia si jibu. Yule binti mwenye bugali alikuwa amesimama amesahau sahani mkononi, akaniangalia juu na chini, akasema kwa nguvu kiasi cha uwanja mzima kusikia, "Kumbe ni mutu!" Na wakacheka. Msibani, mbele ya maiti, vikongwe na wasichana na Feza mwenyewe machozi yanamtoka, wakacheka. Kile kicheko nilichokikimbia tangu ujana wangu kikanipata kwenye mkeka nimekaa, na hakikuniua. Kilikuwa kifupi hata. Binti akaona haya, akapiga goti, akaniuliza, "Koko, tutaendelea kuloweka kwako?"

Tulimzika Mama Feza alasiri. Kesho yake asubuhi nilimwomba yule binti jembe na kapu, tukang'oa, nikamenya kwa vidole hivi vilivyopinda, nikashuka kijitoni nimeshikwa mkono. Mawe mengine ni mapya, matatu bado ni yangu. Nilipokuwa natandaza majani ya mgomba simu ikalia. Paulo. Gari liko mpakani, linanisubiri, nitafika saa ngapi?

Nikamwambia asinisubiri. Niko na muhogo ndani ya maji.